Kufuli Mlangoni, Tawi Njiani

Jina lake kamili ni Vidole binti Chokaa, mjukuu wa Mkono Mwepesi. Hayo si majina ya kwenye cheti. Ni majina ya kazi, na katika ukoo wao mtu hakuitwa jina mpaka apewe na watu kwa kazi yake. Mkono Mwepesi, bibi yake, alizalisha watoto wa mtaa mzima na hakuna mzazi aliyemfia mikononi. Chokaa, baba yake, alipaka kuta za shule, za kituo cha polisi na za nyumba za ibada zote bila kubagua, na siku walipomwosha kwa mazishi kucha zake zilikuwa bado nyeupe. Yeye mwenyewe aliitwa Vidole kwa sababu katika kiwanda cha nguo aliweza kuunga uzi uliokatika huku mtambo unakwenda, kabla msimamizi hajageuza shingo. Wapo waliojaribu kumwiga wakaacha kucha zao humo.

Msomaji ambaye hajaingia ukumbi wa kufumia nguo hawezi kujua kelele ni nini. Mitambo imepangwa safu kwa safu, chuma kinagonga chuma kutwa nzima, na sakafu inatetemeka mpaka kwenye meno. Mle ndani mtu hapigi kelele, maana ni kumwaga maji baharini. Watu walizungumza kwa midomo na vidole, na mtambo ukikwama mfumaji alichukua kipande cha chuma akagonga fremu: tatu za haraka, pumzi, kisha moja. Fundi akisikia mlio huo, hata awe mwisho wa ukumbi, anakuja.

Ndivyo alivyompata mume. Fundi aliyekuja aliitwa Spana, mtu wa shamba, mrefu, mwenye aibu. Alitengeneza mtambo wa Vidole leo, akautengeneza kesho, akarudi keshokutwa bila kugongewa.

"We Vidole," wenzake wakamwuliza kwa midomo, "huo mtambo wako unaumwa au unapendwa?"

Walioana. Wakaishi chumba kimoja katika nyumba ya korido, milango mkabala, majiko mlangoni. Spana akitaka chai hakusema. Aligonga kikombe kwa kijiko: tatu, pumzi, moja. Vidole alikuwa akimjibu, "Fundi ni wewe, jitengenezee," kisha akainuka kumtengenezea.

Kila likizo Spana alikwenda kwao shambani kujenga. Vidole hakufuatana naye ila mara chache, tena za misiba. Alichojua ni kwamba mumewe alirudi na udongo mwekundu kwenye mifereji ya viatu, na kila mwaka nyumba ilikuwa imepanda kidogo. Ilipofika bati, kiwanda kilifungwa. Ilipofika milango, vumbi la pamba lililokaa kifuani mwa Spana miaka yote lilidai haki yake, na wakamzika huko huko, nyuma ya nyumba ambayo hakuwahi kulala akaamka humo kama mwenye nyumba.

Vidole alibaki na kikohozi, chumba cha kupanga asichoweza tena kukikalia, na binti mmoja aliyeolewa. Binti alikuwa na mume na watoto katika chumba ambacho ukifungua kabati lazima mtu asimame kitandani. Alimwambia mama yake, "Njoo tukae, tutabanana." Vidole akatazama chumba kile akaona kubanana kwenyewe kumeshajaa. Akafunga virago, akaenda kuishi katika nyumba aliyoachiwa. Hakuwa na pengine. Hilo ndilo la kukumbuka katika yote yanayofuata: nyuma yake hakukuwa na pa kurudi.

Watu husema mtu wa mjini huogopa shamba kwa sababu ya nyoka. Vidole aliogopa kimya. Asubuhi ya kwanza alifumbua macho akadhani amekuwa kiziwi. Hakukuwa na redio ya jirani wala mlango wa bati unaobamizwa, hakuna anayegombana na mkewe. Alijikohoza makusudi ili asikie kitu. Kisha likadondoka jani juu ya bati, akaketi wima. Kiwandani alisikia uzi mmoja ukikatika katikati ya ngurumo. Hapa kila kitu kilikuwa uzi unaokatika: kuni zikijinyoosha juani, panya darini, mbuzi akijikuna kwenye kona ya nyumba kama mtu anayetafuta pa kuingilia.

Cha pili alichoogopa ni watu. Mjini, mtu akija mlangoni kwako ana lake. Huku walikuja bure. Walipiga hodi mguu mmoja ukiwa umeshaingia, wakaketi, wakamtazama. Walijua ameamka saa ngapi, maana waliona moshi. Walijua amekula nini, maana walisikia harufu.

Aliyezidi wote ni wifi yake, mdogo wa marehemu Spana, ambaye nyumba yake ilikuwa bonde moja tu kutoka hapo. Huyu alikuwa mwanamke mkavu, mwepesi, sauti kama msumeno. Siku ya kwanza alileta kikapu cha maharage, akapita moja kwa moja mpaka chumbani, akabonyeza godoro kwa ngumi.

"Wifi wa mjini! Unalala hapa na pazia limefungwa? Utafuga ukungu kama mkate."

"Nimezoea, wifi."

"Umezoea giza? Basi ungebaki kwenye hicho kiwanda chenu." Akafunua sufuria jikoni, akachungulia, akaifunika. "Na huu ni uji au ni gundi?"

Vidole alicheka kwa adabu. Alipobaki peke yake alihesabu maneno yale moja moja. Ungebaki. Nyumba imejengwa juu ya ardhi ya baba yao. Marehemu kaka hayupo, na mjane ni mgeni. Si mara moja kule kiwandani, wakati wa kula, alisikia wanawake waliotoka mashambani wakisimulia jinsi wajane wanavyoondolewa. Huanza kwa mzaha, walisema. Kisha unaona vitu.

Na akaona kitu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kinjia kilichopita pembeni mwa kaburi, kikashuka mpaka kijitoni. Watu wote walitumia njia ya mbele, pana, yenye salamu na maswali. Vidole alichagua ile ya nyuma, tena saa zisizo na watu, ili achote maji yake bila kuulizwa mbona amekonda. Siku hizo alikuwa akikomea mlango, na wifi akipiga hodi hakuitika. Mvua zilipoanza, asubuhi moja alitoka na ndoo yake ya bati akakuta tawi limelazwa katikati ya kinjia. Si tawi lililoanguka. Lilikuwa limekatwa kwa panga, utomvu bado unatoka, majani mabichi yametandazwa kuzuia njia toka ukingo hadi ukingo.

Alisimama pale mkono ukiwa kifuani. Akakumbuka sauti ya mfumaji mmoja mzee: ukiona kitu kimelazwa njiani pako, usikiruke. Hakukiruka. Alitafuta fimbo ndefu, akalisukuma tawi mpaka likaporomokea kichakani, akaenda kijitoni akitembea kwa kunyata kama mwizi kwenye njia yake mwenyewe.

Kesho yake kulikuwa na tawi jingine. Akalitupa. Likaja jingine, jipya, kubwa kuliko la kwanza.

Sasa hakuweza kula. Kulikuwa na mtu aliyekuja nyuma ya nyumba yake kila alfajiri, ana panga, na yeye amelala upande wa pili wa ukuta. Alipanda juu ya jiwe lililokuwa karibu na jiko, mahali pekee simu iliposhika mtandao, akampigia binti yake.

"Mama, labda ni watoto wanacheza."

"Watoto gani wanaamka alfajiri kucheza na panga?"

"Basi mwulize shangazi."

"Nimwulize fisi nani kala mbuzi?"

 Nyuma ya sauti ya binti, Vidole alisikia korido: mtoto analia, maji yanamwagwa, mtu anamtukana mtu. Alisikiliza kelele zile kama mtu mwenye njaa anavyonusa jiko la jirani.

"Rudi basi, mama."

"Nirudi nikalale juu ya kabati?" Akakata simu.

Hapo ndipo alipokumbuka kufuli.

Kule kwenye nyumba ya korido walikuwa na ujanja wao. Mkusanya kodi akikaribia, mtu alining'iniza kufuli mlangoni kwa nje, akazunguka, akaingia ndani kwa dirisha la uani. Mkusanya kodi akifika anakuta kufuli. Anagonga kufuli kwa kalamu, anasonya, anaondoka. Kufuli lilikuwa jibu ambalo halibishiwi. Vidole alikuwa amelileta lake, zito, la shaba, limefungwa ndani ya kitenge. Akalifunga kwenye mlango wa mbele, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma na kuukomea. Anayenitafuta kwa ubaya, akajiambia, akute sipo.

Haikupita muda akasikia miguu.

"Hodi! Hodi hapa! Wifi!"

Vidole alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kanga mdomoni ili asikohoe. Kufuli likatikiswa mara mbili.

"Kha! Amekwenda wapi tena huyu?" Sauti ile ya msumeno ikanung'unika, miguu ikaanza kuzunguka nyumba. Ikapita chini ya dirisha. Ikafika nyuma. Vidole alitambaa mpaka kwenye mlango wa nyuma, akaweka jicho kwenye ufa wa mbao.

Alimwona wifi yake amesimama kinjiani, mkono kiunoni, akitazama ardhi tupu. Akamwona akitikisa kichwa, akichomoa panga kwapani, akienda kwenye mti mchanga kando ya kaburi. Panga likalia: kwa, kwa. Tawi likaanguka. Wifi akalikokota, akalilaza kati ya njia, akalikanyagakanyaga likae. Kisha akageuka akaitazama nyumba muda mrefu, kama mtu anayepima.

Vidole hakupumua mpaka alipoondoka. Alikuwa amemjua adui yake, na kumjua hakukumpunguzia woga hata chembe. Mikono yake, mikono iliyounga nyuzi mtambo ukienda, ilishindwa kuvuta komeo. Lakini alikuwa binti Chokaa, mjukuu wa Mkono Mwepesi, na ukoo ule una kiburi kinachotoka mwisho, woga ukishamaliza kupita. Hasira zikampanda. Akatoka, akaliokota tawi lile kwa mikono mitupu, akalikatakata, akaliingiza jikoni. Lilikuwa bichi, likamtoa machozi kwa moshi. Akalichemshia chai. Akainywa yote, bila sukari, akisema kwa sauti, "Njoo na jingine."

Kisha akachukua ndoo akashika njia ya nyuma.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Majani yalikuwa marefu, yamelala. Alipita kaburi, akamsalimu Spana kimoyomoyo, akapiga hatua nyingine chache, na ardhi haikuwepo. Haikuwa kuteleza. Ni kama mtu aliyevuta mkeka chini yake. Alishuka na majani, na udongo, na ndoo, na kelele ambayo hakujua kuwa ni yake.

Alipopata fahamu sawasawa alikuwa ameketi kwenye maji ya baridi, mguu wa kushoto umekunjwa vibaya chini yake. Juu kulikuwa na kipande cha mbingu kama sahani. Kuta zilikuwa nyekundu, zimelowa, na katika ukuta mmoja kulikuwa na alama za jembe, pana, zimepangana vizuri, kila moja kando ya mwenzake. Alizitazama kwa muda kabla hajaelewa. Udongo ule aliuona kila mwaka, kwenye mifereji ya viatu. Humu ndimo Spana alimochimba matofali yao. Nyumba yote ilitoka humu, na shimo lilikuwa limebaki kinywa wazi, nyasi zikalifunika, na mvua zikala ukingo wake pole pole mpaka chini ya kinjia.

Akaelewa tawi.

Sijui kama yupo mtu aliyewahi kuelewa jambo mahali pabaya namna ile. Aliketi ndani ya maana yake, maji yakimfika kiunoni, na chai ya tawi bado iko tumboni.

Akaita. Sauti yake ilitoka kama karatasi inayochanwa. Miaka ya kuongea kwa midomo tu, na pamba kifuani, havikumwachia sauti ya kuita mtu. Alipojilazimisha alikohoa, na alipokohoa mguu ulimchoma mpaka akaona nyota. Kitu kikamgusa kwenye goti, kikapita. Alijibana ukutani, akisubiri kitu hicho kimng'ate, mpaka kikaruka juu ya ndoo kikawa chura.

Halafu akasikia sauti za wanawake, mbali, upande wa mbele.

"Hodi! Mwenye nyumba!"

"Huoni kufuli?"

"Angeaga basi."

"Mtu wa mjini anaaga? Amerudi kwao, amechoka na sisi."

Wakacheka, si kwa ubaya, wakaenda zao. Vidole aliinua mkono kuelekea kile kipande cha mbingu, kana kwamba wangeuona. Kufuli lake lilikuwa linafanya kazi vizuri. Lilikuwa limesimama pale mlangoni, la shaba, linamwambia kila anayepita kwamba hayupo, na kila anayepita analiamini. Hata baada ya siku ngapi, wangeliamini. Binti yake akipiga simu haitapatikana, maana imeachwa juu ya meza. Akimpigia shangazi yake, shangazi atasema kuna kufuli. Watamtafuta mjini.

Jua lilihama ukutani. Mbingu ikaanza kuwa nzito tena, na bonge la udongo likamegeka ukingoni likatumbukia kando yake. Kisha jingine. Mvua ikija, ukingo ule wote utashuka, na nyumba itakuwa imerudi ilikotoka pamoja na yeye.

Ndipo mkono wake ulipofanya kazi yenyewe. Ulichukua jiwe kutoka majini, ukaipindua ndoo ya bati, ukagonga. Hakufikiri. Tatu za haraka, pumzi, moja. Mtambo umekwama. Fundi, njoo.

Shimo lilivimba kwa mlio. Akagonga tena, na tena, akilia sasa, maana fundi mwenyewe alikuwa amelala hatua chache kutoka pale na hakuna mwingine katika dunia ya shamba aliyejua kugonga kule.

Yaliyotokea kwa wifi alisimuliwa baadaye, na kila aliposimuliwa yaliongezwa chumvi. Wifi alikuwa ameketi mlangoni pake akichagua maharage. Mlio ukaja kutoka juu, kutoka kwenye nyumba yenye kufuli, kutoka upande wa kaburi. Ungo ukamwanguka. Kaka yake, kila likizo alipokuja kujenga, alikuwa akigonga sufuria vile vile jioni akitaka chai. Aliinuka akakimbia, si kuelekea kwenye mlio, bali kwa seremala, rafiki wa marehemu, aliyekuwa akipiga randa chini ya kibanda chake.

"Kaka yangu anagonga!"

Seremala hakuinua kichwa. "Anataka nini?"

"Chai! Sikiliza!"

"Kaka yako tulimzika mimi na wewe. Mwambie sukari imepanda bei." Lakini mlio ukaja tena, tatu na moja, na seremala akaiweka randa chini taratibu. Rangi ilikuwa imemtoka. "Kufuli si liko mlangoni?"

"Liko. Mimi mwenyewe nimelitikisa."

Walikwenda wakishikana nguo kama watoto, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Walisimama mbali na kaburi. Vidole, kule chini, akasikia sauti ya msumeno, safari hii inatetemeka.

"We unayegonga! Kama ni marehemu, nyamaza! Kama ni mtu, sema!"

Mkono wa Vidole ukasimama hewani. Ni yule yule. Ni yule mwenye panga. Kwa siku zote zile alikuwa amejificha asisikiwe na sauti hiyo, amezuia hata kikohozi. Woga hausikii hoja. Kichwa chake kilikuwa kimeshaelewa tawi, lakini mwili wake ulijikunja, ukamwambia nyamaza, ataondoka. Na kweli, akinyamaza, wataondoka. Watasema marehemu ametulia.

Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Wifi! Ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Vidole!"

"Muongo! Vidole amesafiri, kufuli liko mlangoni!"

"Wifi, nililifunga mwenyewe. Nilikuwa ndani."

Majani yakasogezwa kwa uangalifu, na juu ya ukingo, akiwa amelala kifudifudi, ukatokea uso mkavu wa wifi yake, kanga imemdondoka, macho yamemtoka kuliko ya yule chura.

"Ulikuwa ndani," akasema, "nilipopiga hodi?"

"Ndiyo."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia, wifi."

Seremala alileta ngazi na kamba. Walimtoa akiwa mzima mzima ila mguu, naye kila alipopandishwa kipandio kimoja alisikia ukingo unamegeka. Walipomlaza kwenye majani, mvua ilikuwa imeanza. Hakuna aliyejali.

"Shemeji," seremala akasema, "tawi si lilikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Hata mbuzi wangu hawapiti penye tawi," akasema. "Huyu dada yetu akawalaumu wao, eti wanayala, ndiyo maana kila siku anakata jipya. Ulilifanyaje?"

Vidole alitazama mbingu, akapigwa na matone usoni. "La leo nimelichemshia chai."

Seremala akageuka upande, mabega yakaanza kumtikisika. Wifi hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye matope, mikono mapajani.

"Ulidhani ninakuroga," akasema.

Vidole alijifunika uso kwa mkono wenye matope.

"Nilikuja kukwambia kwa mdomo. Hodi, kimya. Hodi, kufuli. Nikasema basi, njia yenyewe itamwambia, maana nani asiyejua tawi njiani maana yake usipite?" Akajifuta uso kwa nyuma ya mkono. "Mtu na akili zake anafunga mlango, halafu anaogopa kwamba hakuna mtu."

Akainuka akaenda zake kwenye mvua. Seremala ndiye aliyembeba mjane mpaka ndani kwa mlango wa mbele, naye ilimbidi aombe ufunguo.

Wifi hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Alimtuma seremala na maharage. Siku alipokuja alisimama nje, akapiga hodi kwa ukali kama askari, na hakuingia mpaka alipokaribishwa mara mbili. Alikuja na sharti moja.

"Mlango wa mbele ufunguke kabla hujanawa uso. Jua likipanda nikiuona umefungwa, nitakuja na seremala na nyundo, hata kama umelala tu."

"Sawa, wifi."

"Na ujifunze kupika uji."

Wasomaji wangependa kusikia kwamba tangu hapo woga ulimwisha. Haukumwisha. Aliendelea kuamka akishtuka kwa jani juu ya bati. Mtu akipiga hodi, alitazama komeo kwanza, ndipo mdomo ukaitika. Lakini aliitika. Alifungua mlango kila asubuhi, na wifi, kule ng'ambo ya bonde, akiona weusi wa mlango uliofunguliwa, alirudi kwenye shughuli zake. Hawakuwahi kuyazungumza tena. Ila walipokuwa na wageni, wifi alikuwa akisema, "Mwulizeni huyu chai ya tawi ina ladha gani," na Vidole akajibu, "Kateni jingine niwapikie."

Shimo lile walilijaza mawe na udongo, na kila mvua likanywea upya. Shimo la nyumba halishibi. Wifi alipozeeka, magoti yakakataa kupanda mlima, panga la matawi likahamia kwa Vidole. Alikwenda akichechemea, alfajiri, ukungu ukiwa bado bondeni, na kila alipofika pale alisikia ardhi ikimngoja. Alikata, akalaza, akakanyagakanyaga likae. Akatazama pia njia za wengine: penye daraja la magogo lililooza, penye ukingo wa kijito uliokatika. Watu walipozoea kuona tawi lake hawakuuliza. Walizunguka.

Kisha binti yake akaja. Mume alikuwa amekwenda kutafuta maisha hakurudi, kazi ya dukani ilikuwa imekwisha, watoto walikuwa wamekua na kila mmoja ana lake. Alifika na begi moja. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha, na asubuhi Vidole alimkuta ameketi kitandani, shuka mpaka kidevuni, macho mekundu.

"Mama, mbona kimya hivi? Unawezaje?"

"Siwezi," Vidole akasema. "Amka."

Begi la binti lilikuwa wazi. Juu ya nguo, ndani ya kitambaa, kulikuwa na kufuli. Vidole alilitazama, hakuligusa. Akaenda mlango wa mbele, akaufungua wote, mwanga ukaingia mpaka ukutani. Akachukua panga nyuma ya mlango, akampa binti yake kwa upande wa mpini.

"Nenda njia ya nyuma, uishie kwenye kaburi la baba yako. Usipige hata hatua moja kupita hapo. Kata tawi lenye majani mengi, ulilaze toka ukingo hadi ukingo. Ukirudi pita kwa shangazi yako, umwambie limewekwa."

Binti alilishika panga kama kitu cha moto. "Mama, si uwaambie tu watu?"

"Nitawaambia. Na wewe ukate." Akamfunga kanga kiunoni, akalikaza fundo kwa vidole vile vile. "Likinyauka kabla mvua hazijaisha, kata jingine. Ukikuta mtu amelitupa, usikasirike. Kata jingine, kisha nenda ukapige hodi kwake mpaka afungue."